Pikipiki za Zamani Ziende Mulago

Tarehe 30 Septemba 2012, Mark Hawwa wa Sydney, Australia, aliwaalika wenye pikipiki za kizamani wavae suti na tai, wawashe vyombo vyao, watoke pamoja. Wazo lilimjia kutokana na picha ya Don Draper, mhusika wa tamthilia ya Mad Men, aliyevaa suti akiwa juu ya pikipiki ya zamani. Hawwa alitaka watu waache kuwaona waendesha pikipiki kama wahuni. Siku hiyo waliitikia zaidi ya watu 2,500 katika miji 64. Baadaye msafara huo, uitwao Distinguished Gentleman's Ride, ukapewa kazi ya kuchangia vita dhidi ya saratani ya tezi dume na kutetea afya ya akili ya wanaume. Siku hizi hufanyika kila Mei.

Kampala inauhitaji msafara wa namna hiyo, na pa kuanzia ni kilima cha Nakasero.

Jumapili asubuhi barabara zake za Akii Bua na Kyadondo huwa na nafasi. Hilo si jambo dogo, kwani injini ya zamani hupozwa na upepo wa mwendo. Ikinaswa kwenye foleni huchemka. Mteremkoni pia kuna adabu yake. Breki za ngoma zikishikwa mfululizo hupata moto na kulegea, hivyo dereva hurudisha gia ili injini yenyewe izuie kasi. Ndiyo maana katika msafara chombo dhaifu hukaa mbele, wengine wakifuata mwendo wake, na fundi hufunga mkia akiwa na plagi na waya wa klachi mfukoni.

Kuwasha Triumph au BSA ya miaka ya 1960 ni somo. Mwenyewe hubonyeza kitufe kidogo juu ya kabureta mpaka petroli imlowanishe kidole, husukuma kiki taratibu hadi akutane na ukinzani, kisha hushuka nayo kwa uzito wake wote. Gia ziko mguu wa kulia na breki kushoto, kinyume kabisa na Bajaj Boxer ya bodaboda. Kijana wa bodaboda akikabidhiwa bila maelezo, atakanyaga gia akidhani anafunga breki. Lazima mzee akae naye amfundishe.

Honda CG125 ya mwaka 1976 nayo ina heshima yake. Wahandisi wa Honda walikuwa wameona jinsi pikipiki zinavyotumikishwa katika nchi zinazoendelea bila matunzo ya kutosha, wakaunda injini nyepesi kutengeneza na kuufunika mnyororo wote. Kwa Kampala, ambako mwanamume nadhifu ni yule wa kanzu na koti, kifuniko hicho kina faida ya wazi, ingawa spoku bado zinataka pindo likunjwe vizuri.

Nadhifu au la, wanaume hao wana adui mmoja. Saratani ya tezi dume ndiyo inayoongoza miongoni mwa wanaume wa Uganda, na wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umeshasambaa. Taasisi ya Saratani ya Uganda iko Mulago tangu 1967, mwendo mfupi tu kutoka Nakasero kwa barabara ya Yusuf Lule, kando ya uwanja wa gofu. Shirika la Saratani la Marekani linashauri mwanamume azungumze na daktari kuhusu kipimo anapofika miaka 50, na akiwa na miaka 45 ikiwa ni mweusi, au baba au kaka yake aliugua kabla ya kutimiza 65. Lakini mwendesha pikipiki yule yule anayeshtuka valvu ya injini ikigonga kidogo, huvumilia miaka akikojoa kwa shida bila kumwambia yeyote.

Vilabu vya pikipiki vya Kampala vina uwezo wa kulibadili hilo. Mei ijayo waanze Nakasero, wateremke hadi Mulago, na wazialike steji za bodaboda za kilimani, maana huko ndiko waliko wanaume wengi zaidi wa magurudumu mawili. Pale wanapoegesha awepo daktari wa kujibu maswali na muuguzi wa kuandika majina ya wanaotaka kupimwa, na wazee wenye Triumph wawe wa kwanza kwenye foleni.