Acheni Kubambua Miti

Nimeshalisema hapa, na leo nalirudia: acheni kubambua magome ya miti kwa ajili ya dawa! Ukishuka matatu asubuhi hapa Nairobi, iwe Jericho, Kayole au Umoja, utaupita mwarobaini uliochunwa shina zima, mweupe kama mfupa. Juzi nilimkuta kijana na panga na gunia, akaniambia, “Mama, mti ni wa kaunti.” Wa kaunti? Na kivuli unachokaa ukisubiri matatu ni cha nani?

Sikilizeni. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka mizizini kupitia gome la ndani. Ukilichuna kuzunguka shina, mizizi hufa njaa. Mti haukauki siku hiyo, ndiyo maana mnasingizia ukame.

Na tamaa hii ya dawa haiko kwetu tu. Kisiwani Rodrigues, sehemu ya Morisi, kuna mti wa jamii ya kahawa uitwao café marron. Kwa asili hauoti popote pengine duniani, na wataalamu walidhani umekwisha. Mwaka 1980 mwalimu Raymond Ah-Kee aliwaonyesha wanafunzi wake picha yake, na mmoja wao, Hedley Manan, akaupata. Mti mmoja tu! Habari zilipoenea, watu walikimbilia kuuvunja matawi, wakiamini unatibu magonjwa ya zinaa na uchovu wa pombe. Ukazungushiwa ua, wakaupenya. Ikabidi kuongeza ua mwingine. Mti wa mwisho, na bado watu wanataka dawa!

Mwaka 1986 vipande vyake vilipelekwa bustani ya Kew, London. Kimoja kikashika mizizi, kikachanua, lakini kwa zaidi ya miaka kumi na mitano hakikutoa mbegu, mpaka mtaalamu Carlos Magdalena alipofaulu kuzipata. Taabu yote hiyo kuuokoa mti ambao mikono isiyojizuia ilikuwa ikiuvunja.

Msiniambie mwarobaini ni mwingi. Huo wa mtaani kwenu ukikauka, ule wa Mombasa hautawapa kivuli. Na muthiga, mti mwingine wa dawa, unachunwa msituni vivyo hivyo.

Mama, mtoto akiwa na homa, usimtafutie gome; mpeleke kliniki apimwe. Na ukimwona mtu na panga mtini, usipite kimya: mzuie, mwite mzee wa nyumba kumi. Gome liacheni lilipo.