Maji Yasimuliwe kwa Ukweli



Jina la Darajani lenyewe ni kisa cha maji. Hapo palikuwa na daraja juu ya hori la bahari lililotenga Mji Mkongwe na Ng'ambo. Hori hilo lilifukiwa katika karne ya 20. Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kiliua watu wengi Unguja. Baadaye Sayyid Barghash (1870-1888) alileta maji mjini kwa mabomba kutoka chemchemi.

Hayo yamo vitabuni. Yasiyomo ni ya mama aliyeamka alfajiri kungoja zamu kisimani, na ya mtoto aliyechelewa shule kwa ajili ya ndoo. Mama huyo asiposimama mkutanoni akayasema mwenyewe, hesabu za chama huonyesha gharama ya kununua pampu tu, wala si gharama ya kuikosa.

Basi msimulizi aseme aliyoyaona, si aliyoyasikia. Ataje mwaka, kisima na idadi ya ndoo. Asitie chumvi, kwani uongo mmoja huzitia shaka kweli kumi. Naye Katibu ayaandike katika kumbukumbu kabla kura haijapigwa. Maji yakimwagika hayazoleki. Maneno yasiyoandikwa ni vivyo hivyo.