KARATASI HAISEMI, SHAHIDI NDIYE ANAYESEMA
Hotuba ya mratibu wa miradi kwa kamati za sharika, Igoma, Mwanza



Nimeombwa nizungumzie wosia ulioandikwa kwa mkono. Wengi wetu tunadhani kazi imekwisha mzee anapofunga daftari lake. Kumbe kazi yenyewe huja siku wosia unapopingwa mahakamani, na siku hiyo aliyeuandika hayupo.

Tuchukue mfano. Baba mmoja wa hapa Igoma anaandika kwenye karatasi ya daftari kwamba nyumba abaki nayo mkewe, na shamba wagawane watoto wa kike na wa kiume. Anatia sahihi usiku, peke yake. Kesho yake kijana wake anapeleka karatasi kwa baba mdogo, kisha kwa jirani, na kila mmoja anasaini mlangoni kwake. Baba akifariki, ndugu wanasema huo si mwandiko wake. Hakimu anamwuliza jirani: "Ulimwona marehemu akitia sahihi?" Jirani ameapa kusema kweli, anajibu: "Hapana, niliikuta tayari." Hapo mjane yumo hatarini kupoteza alichoachiwa, ingawa kila neno ni la mumewe.

Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963 linaeleza wazi. Anayejua kusoma na kuandika awe na mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Asiyejua awe na wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Mashahidi wenyewe wajue kusoma na kuandika, na wote wawepo kwa pamoja anapotia sahihi au dole gumba. Mke aliyepo nyumbani naye ashuhudie. Wosia uandikwe kwa wino na uwe na tarehe. Muhuri wa usharika hauzibi pengo la shahidi.

Je, taabu hii ina faida? Mwaka 1990 Mahakama Kuu hapa Mwanza, mbele ya Jaji Mwalusanya, iliamua shauri la mwanamke kutoka Kashasha, Muleba. Alirithi ardhi ya ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia halali, akaiuza mwaka 1988 kwa shilingi 300,000 kwa kuwa alikuwa amezeeka na hana wa kumtunza. Ndugu wa ukoo alidai mwanamke hana haki ya kuuza. Jaji alisema anayo, sawa na mwanamume. Angalieni: ugomvi ulikuwa juu ya kuuza. Wosia wa baba ulisimama imara.

Sasa, mashahidi nao hufa. Kwa hiyo mzee wa miaka sabini asichague wenzake wa miaka themanini peke yao. Mashahidi wote wakiwa wamefariki, mahakama inaweza kumsikiliza mtu anayeufahamu mwandiko na sahihi zao na za marehemu, na kulinganisha na maandishi yake mengine. Ndiyo maana nawasihi makatibu na wahazini: msichome mihtasari na stakabadhi za zamani. Sahihi iliyomo humo inaweza kumwokoa mjane.

Wosia wenyewe usifichwe chini ya godoro. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, hupokea na kutunza wosia. Mashahidi wajue ulipo.

Kwa wafadhili nasema hivi: nauli ya shahidi mmoja kutoka Ukerewe hadi mahakamani ni fedha kidogo, lakini asipofika, familia inaweza kukosa paa.

Kila kamati ikirudi nyumbani, iwaulize wazee wake swali moja tu: "Nani walikuona ukitia sahihi?" Asiyekuwa na jibu aandike upya akiwa bado hai.