NANI ATAMTUNZA ALIYETULEA?

(Hotuba ya Mweka Hazina wa tawi katika mkutano wa wanachama, Machakos)



Nimepewa nafasi niseme maneno machache juu ya wazee wetu na gharama ya kuwatunza. Najua wengine mnanong'ona, "Hilo ni jambo la nyumbani, laingiaje katika Chama?" Ningojeni nimalize, ndipo mniulize.

Baba yangu alipakua meli Kilindini miaka mingi. Kama vijana wengi wa Ukambani wa wakati ule, alipanda garimoshi akiwa na nguvu zake, akarudi mwanzoni mwa miaka ya 1970 na sanduku la bati, baiskeli, na mgongo ulioinama. Akiba yake ya uzeeni ilikuwa ya miaka michache tu, kwa kuwa Mfuko wa Taifa wa akiba, yaani NSSF, ulianzishwa mwaka 1965. Fedha hizo zilikwisha kwa mabati ya nyumba. Tangu hapo uzee wake ulilelewa na shamba la mama, na shamba la huku kwetu mvua ikikosa misimu miwili hutoa vumbi.

Ndugu zangu, hayo hayakuja kwa bahati mbaya. Zamani za ukoloni mshahara wa Mwafrika mjini ulipigwa kwa hesabu ya mtu mmoja asiye na mke wala watoto. Mkewe na watoto wangelishwa na shamba, na yeye mwenyewe akizeeka angerudi shambani. Mwajiri alikula nguvu za ujana, akaliachia shamba kulipa gharama ya uzee. Wafanya kazi wa Mombasa walikataa mshahara wa namna hiyo katika mgomo mkubwa wa Januari 1947. Na mwaka 1954 Kamati ya Mishahara ya Waafrika, chini ya Bwana F. W. Carpenter, ilikubali kwamba mshahara wapaswa kumtosha mtu pamoja na jamaa yake. Basi jambo la wazee limekuwa jambo la mshahara tangu zamani. Sikulileta mimi.

Sasa tutazame hesabu ya leo. Baba amekwisha kufariki, lakini mama yuko, amepita miaka 85, na tangu mwaka juzi hawezi kusimama bila kushikwa. Niliandika matumizi yake ya mwezi mmoja katika daftari. Dawa za presha na za magoti shilingi 3,500. Nepi na sabuni 4,000. Maziwa, unga wa uji na matunda 3,000. Gari la kumpeleka hospitali na kumrudisha 1,500. Jumla ni shilingi 12,000. Serikali yampa shilingi 2,000 kwa mwezi katika mpango wa Inua Jamii. Twashukuru, lakini zabaki 10,000. Sisi tu watoto wanne, kila mmoja apaswa kutoa 2,500, na miezi mingine tunaotoa ni wawili.

Nilipoimaliza hesabu ile nilijiona mtoto mwema. Nikamsomea dada yangu, ndiye akaaye na mama. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Na mimi umeniandika wapi?" Sikuwa na jibu. Dada aliacha biashara yake ya mboga sokoni Masii ili amwoshe mama, amgeuze usiku, amlishe. Mimi mweka hazina, nizoeaye kuhesabu kila senti ya Chama, nilikuwa nimemsahau mfanya kazi aliye nyumbani kwetu.

Tukimwajiri mtu mwingine, je? Amri ya mishahara iliyoanza Novemba 2024 iliweka mshahara wa chini wa mtumishi wa nyumbani katika Nairobi na Mombasa kuwa shilingi 16,113 na senti kidogo kwa mwezi. Huko mashambani kiwango ni cha chini zaidi, hata hivyo ni fedha nyingi kwa mtu wa mshahara wetu. Wala sisi watu wa Chama hatuwezi kusimama langoni tukidai haki, kisha tukifika nyumbani tukampunja msichana atunzaye mama zetu. Makao ya wazee nayo yako, kama Nyumba ya Wazee ya masista huko Kasarani, Nairobi, ipokeayo wazee maskini. Lakini makao ya namna hiyo ni machache, na ya kulipia si ya mtu wa kima chetu. Mzee wa Mwala au Kathiani atatunzwa nyumbani, tupende tusipende.

Basi tufanye nini? Nina mambo manne.

La kwanza, tazama akiba yako mwenyewe. Kwa miaka mingi NSSF ilichukua shilingi 200 kwako na 200 kwa mwajiri. Kwa miaka 20 hiyo ni 96,000 bila faida. Tangu Februari 2023 sheria mpya ya mwaka 2013 ilianza kufanya kazi, nayo yataka asilimia 6 kwako na asilimia 6 kwa mwajiri. Mwenye mshahara wa 20,000 hutoa 1,200, na mwajiri 1,200. Kwa miaka 20 hiyo ni 576,000 bila faida. Wengi wananung'unika kwamba makato yameongezeka. Mimi nasema ubaya ni kukatwa fedha zisizofika. Ndugu mmoja wa tawi hili alikatwa kila mwezi miaka sita, na alipokwenda ofisini akakuta miezi 14 haikulipwa. Katibu alilifuata jambo lile, na fedha zikalipwa. Usingoje miaka 60. Weka karatasi zako za mshahara, na kila mwaka ulinganishe na hesabu ya NSSF.

La pili, waandikisheni wazee. Tangu Oktoba 1, 2024, mfuko wa afya wa SHA umechukua mahali pa NHIF. Wewe wakatwa asilimia 2.75 ya mshahara, lakini fedha hizo ni za wewe, mwenzi wako na watoto. Mama na baba hawamo. Lazima waandikwe kwa majina yao na kulipiwa, isiyopungua 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Aliyefika miaka 70 naye apelekwe kwa chifu kuuliza juu ya Inua Jamii. Na mtazame mwaka wa kuzaliwa katika kitambulisho chake, maana wazee wengi waliandikiwa miaka ya kubahatisha.

La tatu ni la Chama. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yatoa likizo kwa mama aliyezaa na baba wa mtoto. Haikutaja siku hata moja ya kumuuguza mzazi. Naomba mkutano huu umwagize Katibu alitie jambo hili katika mapatano yajayo na waajiri, tupate japo siku chache kwa mwaka.

La nne ni letu wenyewe. Huku kwetu twajua mwethya. Matuta ya milima hii hayakuchimbwa na mtu mmoja. Yafaa tuwe na mwethya wa wazee, wanachama wa kijiji kimoja wapeane zamu, ili dada kama yangu apate siku moja kwa juma ya kwenda sokoni au kulala tu.

Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 57, yasema mzee ana haki ya kuishi kwa heshima, na ya kupata matunzo na msaada kutoka kwa jamaa yake na kwa Serikali. Imetaja wote wawili. Jamaa asijifiche nyuma ya Serikali, wala Serikali isijifiche nyuma ya jamaa.

Ndugu zangu, daftari langu nimelianza upya. Mstari wa kwanza sasa ni jina la dada yangu, na mbele yake kiasi tulichokubaliana kumlipa kila mwezi. Ni kidogo, lakini kimeandikwa. Nanyi mkirudi nyumbani leo, tazameni ni nani hakuandikwa katika daftari zenu.

Sasa niulizeni.