Juu ya Watoto Wanaochelewa Akili: Hotuba Iliyosomwa Mbele ya Mkutano wa Mwaka



Wazazi huja kwetu na mtoto asiyesema wala kutembea kwa wakati wake, na kila mara lawama huelekea kwa mama. Twaomba ruhusa tusimulie habari za mama mmoja wa nchi ya Norway.

Mama huyo alikuwa na watoto wawili, msichana na mvulana, waliozaliwa wazima machoni pa watu, kisha wakabaki nyuma kwa akili. Alishikilia jambo moja: walikuwa na harufu ngeni. Mwaka 1934 Daktari Asbjørn Følling, aliyekuwa pia mjuzi wa kemia, alitia kloridi ya chuma katika mikojo yao, akaona rangi ya kijani asiyoitazamia. Hakuishia hapo. Aliusafisha mkojo hata akaitambua asidi iliyokuwamo. Kisha akapima wagonjwa 430 wenye upungufu wa akili, akapata 8 wengine. Sisi makarani twajua uzito wa hesabu ya namna hiyo.

Ugonjwa huo huitwa fenilketonuria. Mwili hushindwa kukigeuza kitu kiitwacho fenilalanini, kilichomo katika maziwa, nyama na maharagwe. Nacho hujilimbikiza damuni na kuudhuru ubongo. Mtoto huupata ikiwa baba na mama, wote wawili wazima, kila mmoja amemrithisha kasoro iliyofichika. Na katika kila mimba yao hatari ni moja kwa nne. Basi asemaye kwamba haya yametoka katika ukoo wa mke amehesabu nusu tu.

Ni ugonjwa wa nadra, na watoto wengi wanaochelewa wana sababu nyingine kabisa. Lakini huu wapimika. Tangu miaka ya 1960, kwa njia ya Daktari Robert Guthrie wa Marekani, tone la damu ya mtoto mchanga lililokaushwa juu ya karatasi hutosha kuufichua. Mtoto akianzishwa chakula maalumu mapema, ubongo huokoka. Akicheleweshwa, madhara mengi hayaondoki tena.

Kwa hiyo twawaomba wazee: mzazi akija, aulizwe kwanza ameona nini. Je, yuko ndugu aliyekuwa hivyo? Nywele za mtoto zimepauka kuliko za nduguze? Ana kifafa, au harufu isiyo ya kawaida? Karani ayaandike majibu, na karatasi hiyo iende na mtoto hospitalini siku ile ile.