Mwenzako mu ekipe ni nani? Maneno kwa vijana wanaocheza kwa simu



Tumeombwa kusema juu ya jambo lenye wengi wanaona ni la watoto: michezo ya kupigana kwa intaneti, ekipe kwa ekipe. Wazazi wanasema tunamaliza mega bure. Labda, lakini leo hatukuja kugombana na wazazi. Tumekuja na ulizo moja lenye linarudi kila mara: nitapata wapi watu wenye kukomaa wa kucheza nao?

Tuanze na mchezo wenyewe. Mu Free Fire na PUBG Mobile, ekipe ni watu wanne. Mu Mobile Legends mnaingia watano, njia ni tatu, na kila mtu iko na kazi yake. Mmoja anasimama mbele kupokea mapigo, mwingine anapiga kutoka mbali, mwingine anazunguka porini. Mmoja akikasirika na kutoka, wanne wanabaki kupigana na watano mpaka mwisho. Mu PUBG, ukipigwa unaanguka kwanza, hujafa bado. Mwenzako anaweza kuja kukuinua, na inaomba sekunde kama 10. Kwa hizo sekunde yeye njo anajitoa, juu hawezi kupiga na risasi zinaweza kumkuta pale pale. Hapo njo unamjua mtu. Kuko mwenye anakuja. Kuko mwenye anangojea ufe ili achukue bunduki yako, kisha anafungua mikro kukutukana.

Kwa hiyo daraja ya juu siyo ukomavu. Umri vilevile: kuko kijana wa miaka 17 mwenye kutulia, na kuko baba wa watoto watatu anayepiga kelele usiku nzima. Muangalie mtu wakati wa kushindwa. Cheza naye mara tatu ao nne kabla ya kumwita wa ekipe, na ikiwezekana mpoteze moja kati ya hizo. Anayesema "tulipita upande mbaya, turudie", huyo umshike. Anayetafuta wa kulaumu tangu dakika ya pili, mwache aende na nyota zake.

Kuko jambo lingine, na hapa hatutafichaficha. Kwa mikro zetu huku Kivu, matusi haiishie kwa mchezo. Mtu anakosa risasi, anaulizwa kabila. Kwa namna tu anatamka neno moja ya Kiswahili, wameisha kumpa inchi ya kurudia. Maneno hayo tunayajua, na tunajua inafikisha watu wapi. Mule ndani kuko watoto wa miaka 12 wanasikiliza. Mwenye kusema hivyo, hata awe mpigaji wa kwanza wa mji, hana nafasi mu ekipe, na mumtoe siku ile ile, siyo kisha mashindano. Kufunga sauti yake haitoshi kama kesho bado mnamwita. Na yule aliyetukanwa, mmoja wenu amwandikie, asibaki anafikiri wote mlikubali.

Dada zetu wengi wanacheza mikro imefungwa. Sababu tunaijua: sauti ya mwanamke ikisikika, mchezo unageuka uchumba ao matusi. Ekipe yenye dada anasema "adui kulia" na wote wanageuka kulia, bila mtu kuomba namba yake ya simu, hiyo njo ekipe ya watu wazima.

Kuwatafuta wapi? Anza na wale unaowajua kwa mtaa, kwa shule, kwa kazi. Kisha fungua mlango: Bujumbura, Kampala, Nairobi, kuko wenye mtasikilizana nao kwa Kiswahili. Mpatane saa tu. Saa mbili ya usiku hapa Goma, Nairobi ni saa tatu, na Kinshasa ni saa moja.

Na umeme, bandugu! Mwenye kukomaa ni yule anayeandika "betri iko asilimia 15, msiningojee" kabla mchezo haujaanza. Mobile Legends inapunguza alama za uaminifu za mwenye kutoka katikati, na haijui kama ni umeme ulikatika ao ni hasira.

Neno la siri ya konti haipewi mtu, hata rafiki wa miaka mingi. Na mtu mkubwa mwenye kumtafuta mtoto pembeni, anamtumia diamanti za Free Fire na kumuomba picha, huyo hatafuti ekipe. Mtoto aambie mzazi ao mkubwa wake, na ninyi wengine msinyamaze.

Tukimaliza hapa, wenye kutafuta wabaki. Kila mmoja aseme mchezo gani, saa gani iko na umeme, na kazi gani anapenda. Wenye kukubali kusimama mbele na kupokea mapigo wainue mkono wa kwanza, juu hao njo wanakosekana kila mara.