Jina la Mfanyakazi na Mlango wa Ofisi

(Maneno ya Katibu wa Tawi mbele ya wanachama, Kasikeu)



Nimeombwa niseme habari ya mfanyakazi kujulikana kwa jina lake na kufikiwa na watu bila hofu. Ndugu mmoja aliposikia akaniuliza, "Hayo nayo ni mambo ya chama? Tuambie habari ya mishahara." Ngoja kidogo, ndugu yangu. Kwenye mshahara tutafika, tena kwa njia hii hii.

Wengi wenu mna kadi ya kazi shingoni. Nimewatazama mlipokuwa mkiingia. Kadi nyingi zimegeuzwa, jina limelala kifuani na mgongo wa kadi ndio unaotutazama. Siwalaumu upesi, maana shingo hizi zina historia.

Serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwaandikisha Waafrika mwaka 1915, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikaanza kuitumia. Kila mwanamume Mwafrika aliyefika miaka 16 alilazimika kuchukua kipande. Ndani yake mliandikwa jina, kabila, alama za vidole, tajiri aliyekuajiri na mshahara wako, na karatasi hiyo ikatiwa katika kikebe cha chuma kinachoning'inia shingoni. Tajiri asipotia sahihi kwamba amekuachilia, kazi nyingine hupati, na ukiondoka unatafutwa kama mtoro. Wazee walikifananisha na kengele ya mbuzi. Harry Thuku alipokipinga pamoja na mambo mengine alikamatwa, na Machi 1922 watu waliokusanyika Nairobi kumdai wakapigwa risasi. Ni sheria ya mwaka 1947 iliyoleta uandikishaji wa watu wa rangi zote.

Lakini angalieni jambo moja. Jina lilikuwamo ndani ya kikebe, na mwenye jina huku nje akiitwa "boi". Jina lile lilikuwa la polisi kusoma, halikuwa la tajiri kutamka.

Na baada ya Uhuru? Mimi niliandikwa kazi mwaka 1974 katika shamba moja la mkonge, mbali na hapa. Mama yangu alinizaa njiani akitoka mtoni, na kila Mkamba aliye hapa akisikia jina langu anajua habari hiyo. Karani wa shamba hakulisikia vizuri, naye alikuwa na haraka, akaandika "Mwangi". Nikaona haya kumsahihisha. Nilikuwa kijana, nikafikiri kazi ni kazi, wacha waniite watakavyo. Hata mnyapara hakuniita Mwangi wala jina langu. Aliniita Arobaini na Tatu. Nilipozeeka nikaenda kudai akiba yangu ya NSSF, nikakuta miaka ile ya mkonge imeandikwa kwa mtu asiyekuwako duniani. Nilitembea na kiapo cha wakili, barua ya chifu na mashahidi wawili, na mashahidi wenyewe mmoja alikuwa amekwisha kufa. Ndugu uliyeuliza habari ya mishahara, ile ilikuwa mishahara yangu.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema mkataba wa kazi ya miezi mitatu au zaidi uandikwe, na ndani yake liwemo jina la mfanyakazi. Someni jina hilo kabla ya kutia sahihi. Karani akikosea, msione haya kama mimi.

Sasa nageukia upande wa pili, nao unaniuma zaidi, kwa sababu hapa mwenye kosa ni mimi.

Mnajua habari ya mwaka 1938, Wakamba walipokwenda Nairobi pamoja na Muindi Mbingu kulalamikia ng'ombe wao waliochukuliwa na kuuzwa kwa nguvu. Walikaa kule majuma kadhaa, wanaume, wanawake na watoto, wakitaka kumwona Gavana uso kwa uso. Hakutoka kuwasikiliza pale. Muindi Mbingu baadaye akahamishiwa Lamu. Tunaisimulia habari hiyo kwa majivuno, na ni haki yetu. Nami niliyeisimulia mara nyingi nilikuja kuwa na meza yangu mwenyewe, mtu akija simtazami.

Siku moja alikuja dada mmoja. Mimi nilikuwa naandika hesabu ya ada. Nikasema bila kuinua kichwa, "Jina? Namba ya kazi?" Akanyamaza. Nikasema, "Mama, sema, watu wanangoja." Hapakuwa na mtu aliyengoja. Akaniambia atarudi kesho, akaenda zake.

Hakurudi kesho. Alirudi baada ya majuma sita pamoja na shangazi yake, na wakati huo alikuwa amekwisha kufukuzwa. Alikuwa amefanya kibarua miezi minane mfululizo, analipwa kwa siku, bila karatasi. Sheria hiyo hiyo inasema kibarua akifanya kazi siku zinazofuatana zisizopungua mwezi mmoja, hesabu yake si ya kibarua tena. Ndilo alilotaka kuniuliza siku ile, alipokuwa bado na kazi na mimi bado nina la kumsaidia kwa urahisi.

Safari hii nilimpa kiti. Jina lake ni lile tunalowapa wasichana waliozaliwa wakati wa njaa. Akasema yeye ni wa mwaka 1984, njaa tuliyoiita Nikw'a Ngwete, yaani nakufa nami nimeshika: fedha mkononi unayo, chakula cha kununua hakipo. Kisha akanitazama akasema, "Na chama chenu ni hivyo hivyo, mzee. Kadi ninayo, wa kunisikiliza sina." Shangazi yake akamkanya. Nikamwambia amwache.

Tangu siku hiyo naanza mimi kusema jina langu, ndipo nalitaka la mwenzangu. Salamu nayo ina elimu yake. Humu kazini tumechanganyika: Mkamba akimwita mzee wa kiume "mutumia" amempa heshima, lakini Mkikuyu akiitwa hivyo ameitwa mwanamke. Nimeona ugomvi ukizuka kwa neno hilo mbele ya lori la kokoto, tukacheka baadaye. Mwulize mtu apenda kuitwaje. Haigharimu kitu.

Juzi msichana mmoja anayefanya kazi kaunta alinipinga, na nataka mlisikie neno lake. Alisema yeye hageuzi kadi kwa majivuno. Wanaume husoma majina yake mawili, wakamtafuta kwenye simu usiku. Nilikuwa tayari kumhubiria habari ya kipande, nikakosa la kusema. Nionavyo mimi, ana haki. Kadi na iwe na jina moja alilolichagua mwenyewe, pamoja na kazi yake, basi; majina yote yabaki katika daftari la ofisi. Tumekubaliana na Mwenyekiti kwamba tutalipeleka jambo hili kwa waajiri, na yeye msichana atakuwa mmoja wa wasemaji.

Daftari la wanachama liko juu ya meza ile karibu na mlango. Kila mmoja aje na kitambulisho chake, alinganishe herufi kwa herufi, na palipo na kosa aseme. Nitakaa hapa mpaka jua litue, na kile kiti kingine ni chenu.